Wifi Anayenuna Saa Tano

Ofisini walimwita Bi Nukta, na hata ofisi ilipofungwa jina lilimfuata nyumbani. Alikuwa katibu muhtasi kwa miaka ishirini na sita. Barua ikipita mezani kwake bila nukta mwishoni mwa sentensi, ilirudi ilikotoka, hata kama mkurugenzi alikuwa ameshaitia saini. Wapo waliomchukia kwa hilo, na wapo ambao mpaka leo wanampigia simu kuuliza kama "hata hivyo" ni neno moja au mawili. Mimi namwita mama mdogo, kwa kuwa ni mdogo wa mama yangu, tumbo moja. Nimeishi naye tangu nimalize chuo, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule, ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya fundi mageti.

Kompyuta yake ya mezani ilikuwa mali ya ofisi. Siku ya kufunga, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja achukue kitu kimoja cha kukumbukia. Mhasibu alibeba kiti cha kuzunguka. Dereva alibeba feni. Mama mdogo alichukua kompyuta pamoja na kibodi yake, ambayo herufi A na I zilikuwa zimefutika kabisa, akaipakata kwenye teksi njia nzima.

Kwa miezi minane aliitumia kuchapa barua za majirani. Kisha akapata kampuni, iliyo mji mwingine na ambayo hajawahi kuiona, inayonukuu rekodi za mikutano: unavaa visikilizio, unasikiliza watu wanavyobishana, unaandika kila walichosema. Walimpa wiki moja ya majaribio, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Rekodi hazitoki kwenye programu yao. Unazisikiliza humo humo mtandaoni, na mtandao ukikatika nazo zinakatika, na msimamizi kule aliko anaona kwamba hupo kazini. Masharti yalisema wazi kuwa mtandao uwe wa nyumbani, usiwe wa simu.

Na kulikuwa na mjomba, kaka yao mkubwa. Alikuwa ameshapiga rangi chumba cha uani nyumbani kwake.

"Wiki hiyo ikipita bila kazi," alimwambia kwenye simu, kwa sauti kubwa hata mimi niliyekuwa jikoni nikasikia, "rudisha funguo za watu, uje ukae hapa umsaidie wifi yako."

Mama mdogo alijibu vizuri, akaaga vizuri, akaweka simu mezani. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nikienda kule nitakuwa shangazi wa kufunga mlango na kufungua mlango. Hii wiki lazima ipite."

Fundi wa mtandao alikuja Jumamosi. Alipachika kisanduku cheupe ukutani, akachomeka kidude kidogo nyuma ya kompyuta ili ipokee bila waya. Kwenye kisanduku kulikuwa na herufi nne. Mama mdogo alivaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti.

"Wifi."

"Waifai, mama," fundi alimsahihisha.

"Nimesoma kilichoandikwa. W, i, f, i. Wifi."

Fundi aliniangalia mimi nimsaidie. Nikaangalia dirishani. Kuanzia hapo kisanduku kikawa wifi, na bila kukawia kikaanza tabia za wifi.

Jumatatu asubuhi kazi ilikwenda vizuri. Nilikuwa chumbani na kitabu, nikisikia vidole vyake kwenye kibodi kama mvua juu ya bati. Mara vikanyamaza.

"Wewe!" aliita. "Njoo uone. Wifi amenuna."

Kwenye kioo, alama ya mtandao ilikuwepo na mistari yake yote. Imeunganishwa, ilisema. Lakini hakuna kilichofunguka. Nilitoa simu yangu, iliyokuwa inatumia kisanduku kile kile, na kurasa zikafunguka moja baada ya nyingine.

"Mbona simu yako anaongea nayo?"

"Sijui, mama."

"Ndivyo walivyo. Mke wa kaka yangu naye, wageni anawachekea hadi jino la mwisho, mimi naambiwa maji yako mtungini." Alivua visikilizio. "Haya, msomi wangu. Tengeneza."

"Mimi nimesoma historia, mama."

"Basi anza na historia yake. Alianza lini kununa, na nani alimuudhi."

Nilikizima kisanduku na kukiwasha tena, kwa kuwa hilo ndilo pekee nililojua. Mtandao ukarudi. Mama mdogo akavaa visikilizio haraka, akaandika mistari mitatu, ukakatika. Nikazima, nikawasha. Ukarudi dakika mbili, ukakatika. Kingekufa moja kwa moja ningeelewa zaidi. Hiki kilikuwa kinafufuka kila nikikigusa, kinampa matumaini ya sentensi tatu, kisha kinalala tena na taa zake zote zikiwaka kijani.

Jumanne umeme ulikatika alfajiri na kurudi saa saba mchana. Msimamizi aliarifiwa, akasema umeme si kosa la mtu. Uliporudi, kompyuta ilipata mtandao kwa dakika mbili tatu, basi. Tulikizima na kukiwasha kisanduku mara kumi na nne. Mama mdogo alijifunza kusikiliza kwa pupa: anabonyeza, anameza maneno mengi awezavyo, anayaandika mtandao ukiwa umeshaondoka. Jioni alikuwa na ukurasa mmoja na nusu.

"Kuna mzee mmoja kwenye rekodi," aliniambia wakati wa chakula, "ameanza kusema 'Ndugu mwenyekiti, tatizo letu kubwa ni...' mara tisa. Mpaka sasa sijui tatizo lao ni nini."

Usiku ule nilisoma kwenye simu kila ushauri niliouona. Jumatano, kabla hajaanza kazi, nilikuwa nimeshapiga magoti nyuma ya meza. Nilichomoa kile kidude kilichokuwa kimejibanza nyuma ya kompyuta, kwa sababu wanasema bati la kompyuta huzuia mawimbi, nikakiunganisha kwa waya mfupi na kukiweka juu ya meza, kikiangalia kisanduku uso kwa uso. Nilibandua kisanduku ukutani, nyuma ya kabati, nikakiweka juu ya kabati. Niliiambia kompyuta isahau mtandao, kisha nikaujulisha upya na kuandika neno la siri. Saa mbili kamili mama mdogo akaketi, akabonyeza, na sauti za mkutano zikamiminika.

Mtandao ulikwenda mbio kuliko siku zote. Saa tatu, sawa. Saa nne, sawa. Mama mdogo aliniita akaninong'oneza, visikilizio shingoni, "Tatizo lao kubwa ni choo cha soko. Nimefika!" Akanibusu shavuni. Kwa muda wa saa tatu nilikuwa mtaalamu, na nakiri nilianza kufikiri labda historia sikuichagua vizuri.

Saa tano ukakatika.

Nilikaa sakafuni. Kila nilichokuwa nimekifanya kilikuwa pale pale: kidude juu ya meza, kisanduku juu ya kabati, mistari yote ya mawimbi imejaa. Sikuelewa kitu kinawezaje kuponywa asubuhi kikaugua mchana kwa ugonjwa ule ule.

Ilinibidi nimpigie fundi wa mtandao, jambo ambalo nililiahirisha mara tatu kwa sababu sipendi kuongea na mtu nisiyemwona.

"Zima, uwashe," alisema.

"Tumezima. Tumewasha."

"Basi ingia ndani ya mipangilio, uangalie kama kompyuta imo kwenye orodha." Akanielekeza namba za kuandika kwenye simu, kisha mtu akamwita huko aliko, akakata.

Ukurasa ulifunguka. Orodha ilikuwa na vifaa vitatu: simu yangu, simu yake, kompyuta ya mezani. Mbele ya kompyuta, na mbele yake tu, kulikuwa na saa: 02:00 hadi 11:00.

"Hii ni nini, mama?"

Alichungulia. "Hiyo ni yangu. Nilimwambia fundi, kazi ya nyumbani haina mlango, itaniingia mpaka kitandani. Nikamuuliza kama kompyuta inaweza kujifunga yenyewe muda wa ofisi ukiisha. Akasema inawezekana, akanipa simu yake nijaze. Kufungua, saa mbili. Kufunga, saa kumi na moja. Nimejaza mwenyewe kwa mkono wangu."

Niliangalia tena. Mbili. Kumi na moja. Ndizo saa zake za kazi.

"Iko sawa," nilisema.

"Lazima iwe sawa. Nenda mbele."

Nikaenda mbele.

Jioni alifungua daftari. Katibu muhtasi hawezi kukaa na tatizo siku tatu bila kuliandikia kumbukumbu, na kumbe alikuwa ameandika kila kitu: Jumatatu, umekatika saa 5:00. Jumanne, hakuna umeme. Jumatano, umekatika saa 5:00. Aligonga kalamu juu ya namba zile mbili.

"Hii si hitilafu. Hitilafu haina nidhamu hivi. Hapa kuna mtu anafika kazini."

Tukatazamana. Kisha wote wawili tukatazama sakafu, maana chini ya sakafu ile fundi mageti hufungua karakana asubuhi, hupima, hukata, hupiga soga, na mashine ya kuchomelea huiwasha ikikaribia saa tano.

Alhamisi, ikiwa imebaki robo saa kufika saa tano, mama mdogo alijifunga kitenge kiunoni akashuka ngazi. Mimi nilifuata ngazi nne nyuma yake. Fundi mageti alikuwa amevaa miwani myeusi kwenye paji la uso, waya wa mashine mkononi.

"Bi Nukta! Leo umenikumbuka. Unataka geti?"

"Nataka mtandao wangu."

"Mimi nauza chuma, mama."

"Kila ukiwasha hiyo mashine, kompyuta yangu inakosa mtandao. Saa tano kwa saa tano. Nimeandika."

Fundi alicheka mpaka akashika meza. "Moto huu unaunguza chuma, hauunguzi intaneti! Au kuna sheria mpya? Binti, wewe uliyesoma, mwambie mama yako."

Nilisema kitu ambacho hata mimi sikukisikia.

"Zima robo saa tu," mama mdogo alimwambia. "Mtandao ukikatika nawe umezima, nitakuomba radhi mbele ya watu."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

"Na nukta?"

"Na nukta, mpuuzi wewe. Zima!"

Alizima swichi kubwa ya ukutani, akaning'iniza waya msumarini, na kwa kuwa hakutaka kusingiziwa tena, akapanda nasi kuja kushuhudia. Tulisimama watatu nyuma ya kiti. Mama mdogo alikuwa akinukuu, mgongo umenyooka. Zikabaki dakika tatu. Mbili. Moja. Chini kulikuwa kimya, nikasikia hata maji ya jirani yakidondoka. Kwenye pembe ya kioo namba zikageuka kuwa 11:00, na mkutano wa soko ukanyamaza katikati ya neno.

Fundi mageti aliinua mikono yote miwili. "Mikono hii hapa. Nani kafanya?"

Mama mdogo alivua visikilizio.

"Labda ni saa yenyewe ina mkosi," alisema, akishuka. "Karatasi yangu naisubiri, Bi Nukta. Iwe na muhuri."

Mama mdogo hakucheka. Alikaa akikitazama kisanduku, wala hakukitania. Nilitamani akitukane, ningejua yuko salama. Badala yake alianza kukunja kitambaa cha kufunikia kompyuta, akakikunjua, akakikunja tena kwa namna nyingine. Nikajua anafikiria kile chumba cha uani.

Saa nane barua ya msimamizi iliingia kwenye simu yake. Aliisoma kwa sauti, kwa ile sauti yake ya ofisini, bila kupandisha wala kushusha.

"'Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa uliondoka kazini kabla ya muda kama ifuatavyo: Jumatatu, saa 11:00. Jumatano, saa 11:00. Alhamisi, saa 11:00. Tafadhali toa maelezo kabla ya kesho asubuhi. Yasiporidhisha, majaribio yatasitishwa.'"

Akavua miwani. "Sielewi. Wanasema niliondoka saa kumi na moja. Saa kumi na moja si ndiyo saa ya kuondoka? Sasa kosa langu liko wapi? Na leo, mbona hata saa kumi na moja yenyewe haijafika! Hawa watu wameniandikia kosa la jioni, na sasa ni mchana!"

Nami kwa muda nilichanganyikiwa pamoja naye. Nilianza hata kufikiri kwamba kampuni ni ya matapeli. Nikaichukua barua, nikaisoma kimya kimya, na macho yangu yakaenda kwenye pembe ya kioo, ambako sasa ilikuwa 14:06.

"Mama," nilisema, "hiyo kumi na moja ni ya kompyuta. Ni saa tano yetu."

"Saa tano yetu kweli ulikatika. Hilo najua."

Alifungua daftari, akaliweka kando ya simu. Kwake, saa 5:00. Kwao, saa 11:00. Kidole chake kilikwenda huku na kule mara kadhaa. Kusoma saa za mashine tulikuwa tumezoea sote; jicho linaona kumi na moja, mdomo unatamka tano, wala mtu hajui kama amefasiri. Lakini yeye kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika "kikao kitaanza saa 4:00 asubuhi", na wajumbe wote walifika saa nne. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuandika nako kunahitaji kufasiri.

Kidole kikasimama.

"Fungua ule ukurasa," alisema taratibu.

Niliufungua. 02:00 hadi 11:00.

"Huyu," aliuliza, bila kukitazama kisanduku, "anafungua usiku wa manane na kufunga saa tano asubuhi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ndiye niliyemwambia."

Nilikuwa nimeziona zile namba siku moja kabla, nikasema ziko sawa, na digrii yangu ukutani.

Tulibadilisha pamoja. Ya kufungua alikubali haraka, nane. Ya kufunga ilituchukua muda, kwa kuwa nilipomwambia aandike kumi na saba alidhani namtania. "Hakuna saa kumi na saba duniani," alisema, mpaka nilipohesabu naye kwa vidole kutoka saa sita mchana. Alipobonyeza kuhifadhi, visikilizio vilivyokuwa juu ya meza vikaanza kuongea peke yao: mwenyekiti akiwaomba wajumbe utulivu.

Fundi wa mtandao, nilipompigia baadaye, alinieleza kwa nini tulikuwa tunapata zile dakika mbili tatu. Kisanduku kikizimwa husahau saa, na mpaka kiiulize tena huko mtandaoni, humruhusu kila mtu. Alieleza kama jambo dogo. Nilimshukuru, ingawa mpaka leo sina hakika kama nimemwelewa sawasawa.

Maelezo ya msimamizi yalimchukua mama mdogo muda mrefu kuliko kazi yote ya siku ile. Niliona rasimu zake. Ya kwanza ilimlaumu fundi. Ya pili ililaumu "hitilafu ya kiufundi iliyo nje ya uwezo wangu", akaifuta, maana ilikuwa ndani ya uwezo wake kabisa. Ya mwisho ilikuwa na sentensi mbili: "Nilijaza mwenyewe saa za kazi kwenye kifaa cha mtandao kwa hesabu yetu, nacho kikazisoma kwa hesabu yake. Kosa ni langu na limerekebishwa."

"Watakucheka," nilisema.

"Wacheke. Barua imenyooka."

Ijumaa alinukuu tangu saa mbili. Saa tano ilipokaribia nilitoka chumbani bila kuitwa, na chini fundi mageti naye akanyamazisha mashine kwa hiari yake. Dakika ilipita. Vidole havikusimama. Alimaliza rekodi yote ya mkutano wa soko saa kumi kasorobo, akaituma. Tukaketi kusubiri.

Jibu lilikuja nusu saa kabla ya kufunga. "Maelezo tumepokea. Endelea."

Mama mdogo alilisoma mara tatu. "Endelea. Niendelee na majaribio, au niendelee na kazi? Huyu hajui kuandika. Neno moja, halina mbele wala nyuma."

"Labda subiri Jumatatu, mama."

"Jumatatu mjomba wako atakuwa amekuja na gari la mizigo."

Alimpigia msimamizi hapo hapo, akaweka simu kwenye sauti ya nje ili nami nisikie. Ilikuwa sauti ya kijana, na nyuma yake watu wengi walikuwa wakichapa.

"Umeniandikia niendelee," mama mdogo alisema. "Naomba kujua, niendelee na nini?"

"Na kazi, mama. Mkataba utaupata Jumatatu. Ule mkutano wa soko una sehemu ya pili, saa tatu nzima, nao wanagombana kuliko mwanzo. Unaweza kuupokea leo?"

Mama mdogo alinitazama. Kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Lete," alisema.